Mzamiaji wa Mtambo Namba Moja

Kabla maji hayajawa umeme, lazima yapite mahali ambapo Mnandi alifanya kazi karibu maisha yake yote. Ni chini ya uso wa bwawa, ubavuni mwa ukuta, penye tundu kubwa kuliko mlango wa ghala. Mbele ya tundu hilo zimesimamishwa nondo nene, zimepangwa wima kama meno ya kitana. Sisi tuliliita chekeche. Maji yakishapita hapo huingia kwenye bomba la chuma lililochimbiwa ndani ya mlima, yanateremka, na kadiri yanavyoteremka ndivyo yanavyopata nguvu, hadi kwenye jumba la mitambo kule chini. Huko yanalipiga gurudumu lizunguke. Gurudumu limeshikana na mhimili, mhimili unaizungusha jenereta, jenereta inapeleka umeme kwenye transfoma, na transfoma inausukuma kwenye nyaya zinazovuka milima kwenda mijini. Maji yenyewe hutokea upande wa pili na kuendelea na safari yake mtoni, hayakupungua hata tone. Mnandi alikuwa akisema mtambo wa maji ni mgeni mstaarabu kuliko wote: anakaribishwa, anashiba, halafu anaondoka na sahani imejaa vilevile.

Jina Mnandi alipewa na wenzake, kwa ajili ya yule ndege mweusi anayezama ziwani akaibuka mahali usipomtazamia. Alikuwa mtu mfupi, kifua kipana, mpole wa maneno. Kazi yake ilikuwa kuzama na kusafisha chekeche. Mvua zikinyesha, mto hauchagui cha kubeba. Unaleta magugu, magogo, chupa, nyavu zilizokatika, mzoga wa ng'ombe. Vyote vinakuja kukwama kwenye zile nondo, na mtambo unaanza kuhangaika kama mtu anayenyonya maji kwa mrija uliobanwa. Ndipo mtambo unasimamishwa na mtu anateremka kuvitoa kwa mikono na msumeno. Mara moja alikuta mlango wa kabati wenye kioo kizima. Katika maji yale ya matope, akimulika tochi, aliona mtu anamjia na taa usoni. Aliibuka juu kama kizibo cha chupa. "Kuna mwenzangu kule chini," akasema, "na sura yake mbaya!" Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Nasema tulicheka kwa sababu nilikuwepo. Nilianza kazi kwa kuangalia kompresa, ile mashine inayosukuma hewa kwenye mpira hadi kwa aliye chini. Baadaye nikawa mshika kamba wake. Mshika kamba ni mtu mwenye kazi moja: anasimama juu ya chelezo la chuma linaloelea kando ya ukuta, anasikiliza kwa viganja. Mvuto mmoja, niko salama. Miwili, nilegezee. Ikija mingi mfululizo, nivute.

Ila kabla yangu, kamba hiyo walipokezana watu wawili, Mnandi na shemeji yake, mdogo wa mkewe. Yule tulimwita Mluzi, kwa sababu hakujua kufanya jambo lolote bila kupiga mluzi, hata kuvaa viatu. Waliingia kazini pamoja, wakaishi nyumba moja kwenye nyumba za wafanyakazi hadi Mnandi alipooa dada mtu, halafu wakaendelea kuishi nyumba moja. Leo huyu anazama, huyu anashika kamba, kesho wanabadilishana.

Siku ile ilikuwa zamu ya Mluzi kuzama. Mtambo namba moja ulisimamishwa kwa maneno ya mdomo, kama ilivyokuwa kawaida miaka ile: mtu anapiga simu chumba cha udhibiti, opereta anaitikia, basi. Opereta aliyeitikia akashikwa na homa kali, akapelekwa zahanati akitetemeka. Aliyekuja kukaa kwenye kiti chake akakuta mtambo umelala na hakuna karatasi wala neno la kwa nini umelala. Simu ikalia kutoka kituo cha taifa kinachogawa umeme. Mijini umeme ulikuwa unapungua, wakauliza kama tunaweza kuongeza. Akasema tunaweza. Akauwasha. Hakuwa mtu mbaya. Mimi namfahamu, alikuwa mtu wa kusalimia watoto kwa mkono.

Maji hayakupiga kelele. Juu ya bwawa hapakuonekana kitu zaidi ya uchafu ulioanza kusogea taratibu kuelekea ukutani. Kamba ikanyooka mikononi mwa Mnandi ikawa ngumu kama fimbo. Alivuta. Nikaacha kompresa nikavuta pamoja naye, na aliyekuwa karibu akaja akavuta. Tulikuwa tunavutana na bwawa zima. Mtu mmoja akakimbilia simu, na mtambo uliposimamishwa kamba ikalegea yenyewe, na Mluzi akapanda juu akiwa mwepesi sana.

Mkewe Mnandi alikuwa anaanika nguo. Mimi nilikuwa nyuma ya Mnandi, sikutaka aende peke yake. Alimwona mumewe anakuja bado amelowa, hajabadili nguo, na saa za kazi hazijaisha. Akashika kamba ya nguo.

"Mwenzako yuko wapi?"

Mnandi akasogea karibu yake.

"Nakuuliza, mwenzako yuko wapi?"

"Mama," akasema, maana walikuwa tayari na binti mdogo na alimwita hivyo, "njoo ndani tukae."

"Wewe ndiye ulikuwa umeshika kamba," mkewe akasema.

Hakusema kwa ukali. Alisema kama mtu anayerudia jambo ili alielewe. Halafu akakaa pale pale chini, kwenye povu la maji ya sabuni. Sentensi ile hakuirudia tena maisha yake yote, lakini neno likishatoka halirudi mdomoni. Mnandi aliniambia baada ya miaka mingi kwamba kuna asubuhi anaamka nayo kabla hajafumbua macho.

Yule opereta aliacha kazi mwenyewe kabla hajaachishwa. Alirudi kwao. Mnandi alisafiri kwenda kumwona, akitaka kumwambia kwamba hana kinyongo naye. Alibisha hodi mpaka majirani wakatoka. Ndani palisikika mtu anatembea, lakini mlango haukufunguliwa. Akarudi.

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Tulidhani Mnandi hatazama tena, na hata meneja wa wakati ule alimwandalia kazi ya bustani. Mnandi akakataa. Alikwenda dukani akanunua kufuli, lile la kawaida la kufungia mlango wa jiko, akaenda nalo ofisini kwa meneja.

"Hili litafungwa kwenye swichi ya kuwashia mtambo," akasema. "Ufunguo nitazama nao shingoni. Nikitoka majini nakuja mwenyewe kulifungua."

"Na ukichelewa?"

"Nikichelewa mtanisubiri."

"Na usipotoka?"

"Hapo mzee, mtambo utakuwa na sababu nzuri ya kutowaka."

Meneja alimtazama sana. Siku zile kaburi la Mluzi lilikuwa bado na udongo mbichi, na hakuna aliyekuwa na uso wa kubishana. Kufuli likakubaliwa. Baadaye kampuni ilileta makufuli rasmi ya rangi nyekundu na kuandika sheria kwenye ubao: kufuli la mtu hufunguliwa na mwenyewe, kwa mkono wake. Mafundi wote wakapewa. Sheria ile ikawa kama salamu, kitu unachokifanya bila kukifikiria.

Mimi nikapewa kamba.

Binti yao alikulia kwenye mngurumo wa mitambo. Watoto wa nyumba zetu walikuwa hivyo. Wakienda kulala kwa bibi zao huko kwingine wanashindwa kupata usingizi kwa sababu ya ukimya. Alikuwa mrefu kumpita baba yake, mwenye macho ya mama yake, na kichwa chake kilikuwa chepesi kwenye hesabu. Alisoma, akaenda chuo, akasomea umeme. Mama yake alitegemea atapata kazi kwenye benki au kiwanda, popote penye sakafu kavu. Siku alipokuja na habari kwamba ameajiriwa chumba cha udhibiti, kwenye kituo chetu, nilikuwa kwao nakunywa chai.

"Hapana," mama akasema.

"Mama, nimeshasaini."

"Vituo vyote vya nchi hii, umekosa kingine?"

"Hiki ndicho kilichokuwa na nafasi."

"Mmoja chini ya maji, mmoja kwenye swichi," mama akasema, akiokota vikombe ambavyo tulikuwa hatujamaliza. "Na mimi nikae hapa katikati nihesabu mabati. Haya. Kunyweni chai."

Vikombe alikuwa navyo yeye jikoni. Mnandi akanikonyeza, lakini hakucheka.

Kazini wale wawili waliheshimiana kama wageni. Mnandi akienda kufunga kufuli hakumwita mwanangu. Alimwita Opereta, kama alivyowaita wote, na yeye alimwita Mzamiaji. Walisomeana karatasi ya ruhusa mstari kwa mstari. Nyumbani tu ndipo alipokuwa baba tena, anayeuliza kwa nini mtoto mkubwa vile bado hajui kupika wali usioungua. Mimi, binti aliniita baba mdogo kotekote, hata kwenye redio, na hakuna aliyemkataza.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe.

Mvua kubwa za mwaka ule zilikuwa zimetangulia. Mtambo namba tatu ulikuwa umefunguliwa kwa matengenezo, vyuma vyake viko sakafuni. Namba mbili unafanya kazi. Namba moja ulikuwa umeanza kupumua vibaya, umeme wake unashuka wakati bwawa limejaa, na kila mtu alijua chekeche limeziba. Wakausimamisha asubuhi. Mnandi akafunga kufuli lake mbele ya binti yake, wakasomeana karatasi, tukapanda juu ya ukuta yeye na mimi na mtu wa kompresa. Jua lilikuwa zuri. Alikuwa anakaribia umri wa kustaafu na magoti yalimsumbua akiwa nchi kavu. Majini, alisema, magoti hayana kazi.

Alikuwa ameshapandisha marundo mawili ya magugu na gogo moja pale kompresa iliponyamaza.

Nilimgeukia wa kompresa nikidhani amekanyaga waya. Naye alikuwa ananitazama mimi. Tukatazama chini bondeni. Mngurumo haukuwepo. Katika miaka yangu yote pale sikuwahi kusikia kituo kizima kimenyamaza, na nilichosikia badala yake ni ndege.

Tulikuja kuelezwa baadaye. Mbali sana na sisi, laini kubwa ya umeme ilikatika. Gridi ya taifa ni kama watu waliobeba jeneza. Mmoja akijikwaa, uzito wake unawaangukia wengine mara moja, na asiyeuweza naye anaachia. Kituo kimoja kikaachia, kikafuata kingine, na mtambo wetu namba mbili ukajitoa kwenye laini wenyewe ili usivunjike. Nchi nzima ikazimika wakati watu wako kazini: viwanda, mahospitali, lifti zenye watu ndani, pampu za maji.

Mimi sikujua hata moja kati ya hayo. Nilijua kwamba hewa ya Mnandi imekatika. Mgongoni alikuwa na mtungi mdogo wa akiba, wa kumtoa chini, si wa kufanyia kazi. Nikavuta kamba mara nyingi mfululizo: panda, panda. Akanijibu mvuto mmoja. Niko salama. Halafu kamba haikusogea.

"Mbona hapandi?" wa kompresa akauliza.

"Sijui."

"Vuta basi!"

Nilivuta, na kamba ikawa nzito. Moyo wangu ukarudi miaka yote ile nyuma. Nikatazama uchafu juu ya maji, nikaona umetulia, hausogei, na nikajiambia mtambo haujawashwa, mtambo umelala, kufuli liko mahali pake. Hilo ndilo lililonizuia nisipige ukelele.

Chini kule, wavu wa mvuvi uliokuwa umekwama kwenye nondo ulikuwa umemshika mguu. Alikuwa anaukata kwa kisu, uzi kwa uzi, gizani, akivuta hewa ya mtungi ule mdogo kidogo kidogo. Mtu mwenye haraka angefia pale. Alipojikwamua kamba ikalegea ghafla nikaanguka chali. Akaibuka. Tulimpandisha kwenye chelezo, tukamvua kofia ya kuzamia, midomo yake ilikuwa rangi ya majivu na macho yamewiva. Mtungi ulikuwa mtupu. Alijaribu kusema kitu akatapika maji. Nikamlaza ubavu, nikamshika kichwa.

Huku chini, binti yake alikuwa na shida nyingine. Haya aliyonisimulia yeye nayasimulia kama alivyoyasema.

Taa za dharura za betri ndizo zilizokuwa zinawaka. Simu ya kituo cha taifa ikalia. Kituo cha maji kina jambo ambalo vituo vingi havina: kinaweza kujiamsha chenyewe kutoka kwenye giza. Kinahitaji umeme kidogo tu wa jenereta ya dizeli ili kufungua milango ya maji, na maji yenyewe yanafanya yaliyobaki. Kikishaamka kinaweza kuviamsha vingine, kama moto wa kuombana kwa jirani. Kwetu, mtambo uliounganishwa na ile jenereta ya dizeli ulikuwa mmoja. Namba moja.

"Washeni namba moja," sauti ikasema. "Nchi nzima inawasubiri ninyi."

"Kuna mtu majini," akajibu.

"Mtoeni."

Akachukua redio ya mkononi akaniita. Nilimsikia, nikajibu: yuko juu, yuko hai. Lakini redio zile zikipita kwenye zege la jumba lile zinakatika. Alichosikia yeye ni neno moja, "yuko," halafu mkwaruzo. Akaita tena. Mimi nilikuwa nimeiweka redio chini, nimemshika baba yake kwa mikono miwili.

Meneja wa kituo akaingia akihema, maana lifti ilikuwa imekufa na ameshuka ngazi zote kwa miguu. Huyu alikuwa meneja mwingine, si yule wa zamani, mtu wa haki kwa kawaida yake. Simu yake ya mkononi haikuacha kulia. Akasikiliza maelezo. Akatazama lile kufuli jekundu.

"Leteni mkasi wa chuma," akasema.

Binti akasimama mbele ya ubao wa swichi.

"Mzee, mwenye kufuli hajaja."

"Si umeambiwa yuko?"

"Nimesikia yuko. Sijasikia yuko wapi."

"Binti yangu," meneja akasema, na alisema kwa upole, "kuna watu kwenye vyumba vya upasuaji saa hizi. Kuna watoto kwenye mashine za kupumulia. Unajua ninachokuomba?"

"Najua."

"Unakataa kwa sababu ni baba yako."

Aliniambia kwamba hapo hakulijua jibu la kweli. Alijiuliza kama angekuwa mtu mwingine yeyote chini kule, angesimama vile? Na hakuwa na muda wa kulitafuta.

"Nakataa kwa sababu kufuli limefungwa," akasema.

Fundi alikuja na mkasi. Akasimama mlangoni. Yeye pia alikuwa na kufuli lake jekundu mfukoni, kama sisi sote. Akamtazama meneja, akamtazama binti, akauweka mkasi juu ya meza. Meneja hakumwamuru auchukue. Akavuta kiti akakaa, akaizima simu yake. Wakangoja.

Juu kule, nilipookota redio na kuelewa kinachongojwa, nilimwambia Mnandi, "Kaka, wanataka kufuli lifunguliwe. Inaonekana ni nchi nzima." Akatikisa kichwa kwamba amesikia. Hakuweza kusimama. Alivuta pumzi, akakohoa, akavuta tena. Mimi nilikaa pale nikimtazama kifua kinavyopanda na kushuka, na bwawa limejaa pomoni nyuma yetu, nguvu yote ile imelala, inamsubiri mzee mmoja apate pumzi zake.

Tulimpakia kwenye gari tukazunguka kwa barabara ya mlimani. Kwenye jumba la mitambo tulishuka ngazi, yeye ameniegemea, anapumzika kila kona. Alipoingia chumba cha udhibiti alikuwa bado na vazi la kuzamia, anadondosha maji kwenye sakafu yao safi. Binti yake alimwona. Hakumkimbilia.

"Mzamiaji," akasema. "Watu wote wametoka majini?"

"Wote wametoka."

"Vifaa vyote?"

"Msumeno na kisu nimeviacha chini. Havipumui."

Alitoa ufunguo shingoni. Vidole vilikuwa vinamtetemeka, ufunguo ukawa unagonga pembeni ya tundu. Binti akaweka kiganja chini ya mkono wa baba yake, akautuliza, lakini ufunguo hakuushika. Kufuli likafunguka.

Kazi iliyofuata niliiona kwa macho yangu. Jenereta ya dizeli ilikuwa imewashwa zamani, inangoja. Binti akafungua milango ya maji kidogo. Palipita muda hakuna kilichotokea, halafu sakafu ikaanza kutetemeka chini ya viatu. Gurudumu likaanza, likaongeza, yeye macho kwenye saa za vipimo, anapunguza, anaongeza, mpaka mwendo ukatulia. Akawasha umeme wa jenereta kubwa. Taa za chumba zikawaka. Hakuna aliyeshangilia. Akashika simu akasema, "Namba moja uko tayari," na kule wakaanza kuupokea, laini moja, halafu kituo cha jirani, kwa tahadhari, kama unavyompa chakula mtu aliyefunga siku nyingi. Hadi jua linatua miji mingi ilikuwa na umeme.

Baba mtu alikuwa amelala kwenye viti vya pembeni, amefunikwa koti la meneja.

Yaliyofuata hayakuwa ya haraka. Binti alisimamishwa kazi, akaitwa mbele ya kamati. Wengine walisema alistahili medali, wengine jela. Siku hizi kila mtu ni hakimu. Meneja aliulizwa, akasema, "Niliagiza likatwe. Alikataa. Sheria iliyo ukutani ni yangu mimi kuilinda, na siku ile yeye ndiye aliyeilinda." Nasikia maneno hayo yalimchelewesha cheo. Mwishowe binti akapewa onyo la maandishi kwa kutotii amri, na kwenye karatasi hiyo hiyo akapongezwa kwa kufuata sheria. Hatukujua tucheke au tulie.

Lakini kilichomla Mnandi si kamati. Redio ilitangaza kwamba siku ya giza, katika hospitali moja, jenereta ya akiba iligoma na wagonjwa watatu wakafa. Hakuna aliyesema ilikuwa saa ngapi, kama ni mwanzoni kabisa au katika muda ule aliokuwa amelala kwenye chelezo. Hata kamati haikuweza kujua. Alizima redio. Kifua chake hakikupona vizuri, alikuwa anakohoa usiku na mchana, na kuzama alikatazwa na daktari.

Nilikuwa kwao alipolisema. Tulikuwa sote mezani, binti naye yupo.

"Kuna mtu alikufa," akasema, "nikiwa nimelala pale navuta pumzi."

Binti akaanza kulia bila sauti. Ni mkewe aliyeweka kijiko chini.

"Ndugu yangu alikufa kwa sababu watu walikuwa na haraka," akasema. "Nikakubebesha wewe, kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa karibu. Nimekuona ukiubeba miaka yote hii na sikukupokea. Sasa unataka kuongeza mwingine?"

"Mama Opereta..."

"Sijamaliza. Wale watu Mungu awalaze pema. Wana ndugu zao wa kuwalilia, na wewe ukitaka kulia, lia. Lakini huyu mtoto hakuua mtu. Na wewe hukuua mtu. Si juzi. Wala zamani."

Mnandi alimtazama mkewe muda mrefu. Nadhani alikuwa anasubiri kama kuna lingine litakalofuata. Halikufuata. Akainua mkono akajifunika macho, na mkewe akaondoa sahani kama siku nyingine yoyote. Mimi nikaaga.

Aliishi miaka michache baada ya hapo. Alikuwa anakuja kukaa juu ya ukuta, ananitazama nikifanya kazi na wazamiaji wapya, anawakosoa kwa ishara. Chekeche siku hizi linasafishwa zaidi na mashine yenye vidole vya chuma. Mtu huzama mara chache tu. Alifariki mwaka wa ukame, mchana, nyumbani kwake. Bwawa lilikuwa limeshuka mpaka matope ya kingo yanapasuka, na hata sisi tunaoishi mlangoni mwa umeme tulikuwa kwenye mgao. Mganga hajigangi. Feni ilikuwa imesimama. Binti yake alikuwa anampepea kwa jalada la daftari, mama amemshika miguu. Nilifika akiwa ameshatulia.

Baada ya mazishi binti alipata uhamisho kwenda kituo kipya, mbali, na nyumba ya wafanyakazi ikabidi irudishwe. Alimwomba mama yake wahame wote. Mama hakutaka kuondoka mahali alipozika watu wawili. Alikaa akifikiri, mikono mapajani.

"Huko kuna watu wanaozama?" akauliza.

"Hakuna, mama. Kule umeme ni wa upepo. Kuna minara mirefu, watu wanapanda juu."

"Juu sana?"

"Juu sana."

Mama akajifunga upya kanga.

"Afadhali," akasema mwisho. "Anayeanguka anaonekana."

Akanyanyuka, akaniomba nimshushie sanduku lililokuwa juu ya kabati.